Vidonge Vinane

Wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani
Ijumaa, 8 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mikono haijachubuka na sabuni, na kile kiuno chako kimetulia. Mimi ni mzima, ila ni mzima wa kushonwa. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Umekaa? Haya. Mjukuu wako amefika! Msichana. Jana saa nne asubuhi. Alikuwa amelala upande na hataki kugeuka, daktari akasema hatungoji tena, kama mlango hautaki tutamtolea dirishani. Alitoka amekunja ngumi kwenye shavu kama mtu anayegombea nafasi kwenye foleni. Baba yake alipomwona akasema, "Huyu ni Ngumi." Basi jina la cheti ni refu, la nyumbani ni hilo.

Mama, kumbe mtu anapasuliwa akiwa macho! Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikaniaga, kichwa kikabaki. Nilisikia wanavuta na kusukuma kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba, lakini haiumi. Walipofika kwenye kushona sikuvumilia, nikauliza ni mshono gani. Daktari akasema, "Mgonjwa, tulia." Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, ni haki yangu kujua nguo yangu inashonwaje. Wakacheka wote ndani ya barakoa. Akaniambia wanashona tabaka moja baada ya jingine, na uzi wa ndani unayeyuka wenyewe. Uzi unaoyeyuka! Ningeshonea huo sare za wanafunzi unaowafulia, wazazi wangenifukuza mji.

Sasa kuhusu maumivu, maana najua ndilo unalotaka kujua. Nilidhani watanipa dawa kali nilale kama gogo siku tatu. Wala! Kuna mkunga hapa, saa yake ameibandika kifuani kichwa chini, namwita Bi Saa. Kila baada ya saa sita ananiletea parasetamoli, hiyohiyo ya kichwa, pamoja na kidonge kingine cha rangi ya waridi cha kupunguza uvimbe. Niwe naumwa, nisiwe naumwa, nimeze. Nikamwuliza, "Dada, tumbo limefunguliwa kama zipu halafu unaniletea dawa ya kichwa?" Akasema viwili hivyo kila kimoja kina njia yake, vikifuatana kwa saa vinafanya kazi kubwa. Vikali vipo pia, vya jamii ya mofini, lakini hivyo ni vya kuomba, pale vya kawaida vinaposhindwa.

Na haniulizi "unaumwa kiasi gani?" Ananiuliza, "Leo umeweza nini?" Umeweza kugeuka? Umeweza kukohoa? Hapo kwenye kukohoa amenipa mto niubane tumboni. Leo nimeweza kusimama na kutembea hadi kwenye sinki. Nimerudi natokwa jasho kama nimebeba sinki lenyewe, lakini nimeweza.

Nikakukumbuka. Na wewe ulinizaa hivi hivi. Lile kovu nililiona nikiwa mdogo ukaniambia ni mstari wa pasi. Walikupa nini wewe? Uliumwa siku ngapi? Hujawahi kunisimulia hata siku moja, na sasa nina sababu ya kuuliza.

Nakungoja Jumapili kama ulivyoahidi. Barua nampa dereva wa lori la shule, kwa kuwa ile simu yako iliyotumbukia kwenye beseni sina imani nayo hata kama imefufuka.

Mwanao

*

Chumba cha kufulia, shuleni
Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Nimeisoma barua yako nimesimama kati ya mapipa ya sabuni, kukaa sikukumbuka. Wenzangu wakaniuliza nalia nini, nikasema ni mvuke.

Hongera mwanangu. Mwambie Ngumi bibi yake anamsalimu. Mwambie na baba Ngumi ahsante kwa kukaa na wewe.

Jumapili sikuweza kuja. Wanafunzi wanarudi wiki ijayo na mashuka mia tatu yananingoja, na mashine moja imekufa. Usinikasirikie. Nitakuja ikipungua kazi.

Kula vizuri. Usiinue kitu kizito kuliko mtoto. Maji mengi. Nimekutumia shuka nne ndogo, nimezifua mara tatu ziwe laini, na sabuni isiyo na harufu.

Hivyo vidonge vikali, wamekupa vya kwenda navyo nyumbani? Vingapi? Umeviweka wapi? Nijibu hilo.

Mama yako

*

Nyumbani
Alhamisi, 14 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje, na mashine je, imefufuka? Sisi tuko nyumbani tangu Jumapili. Shuka zimefika. Ngumi amezikojolea zote nne kwa siku moja, nadhani ndiyo ahsante yake.

Nilikungoja, sitasema uongo. Kila gari likinguruma nilikuwa najivuta hadi dirishani na mto wangu tumboni. Lakini nimeelewa, kazi ni kazi.

Ngoja nikusimulie ujinga nilioufanya, ucheke. Si unajua ulivyonilea, kitu hakitumiki mpaka kihitajike? Basi nilipofika nyumbani siku ya kwanza sikuumwa sana. Nikasema, mbona nameza vidonge bure wakati siumwi? Nikaanza kuvihifadhi. Vile vya parasetamoli na vile vya waridi nikavitia kwenye kopo langu la vifungo, juu ya rafu, viningojee siku ya maumivu. Nikajiona mwerevu kweli.

Siku ya maumivu ikaja kesho yake asubuhi. Mama! Nilikuwa nataka tu kuteremka kitandani. Ilikuwa kama mtu ameshika mshono kwa koleo anaufumua. Nikameza vya kawaida viwili kwa pamoja, wala, vikawa kama vinatazamana tu na yale maumivu. Ikabidi nimeze kikali. Saa sita mchana nikaongeza kingine. Maumivu yakaondoka kweli, lakini na mimi nikaondoka. Baba Ngumi aliingia saa nane kutoka kazini na rangi zake mikononi, akakuta mtoto analia kitandani, mimi niko pembeni yake nimelala fofofo. Anasema aliniita mara tatu. Mara tatu, Mama, na mtoto akilia kwenye sikio langu.

Bi Saa alitupitia jioni ileile, ndiyo zamu yake ya kuzunguka majumbani. Nilimweleza. Akaliangalia kopo la vifungo, akaniangalia mimi. "Fundi," akasema, "wewe cherehani unaitia mafuta lini? Ikishakwama?" Nikasema hapana, kila asubuhi. "Hata kama haipigi kelele?" Ndiyo, ili isipige. Akaigonga ile saa yake kwa kidole. Nikaona aibu hadi kwenye vidole vya miguu.

Basi kumbe ndiyo siri yenyewe. Dawa ya kawaida inatangulia maumivu, haiyafukuzi. Ukiyaacha yakapanda ngazi, ndiyo unalazimika kuita wale mabaunsa. Baba Ngumi amechora mistari ukutani kwa rangi iliyobaki kazini, saa za kumeza, na mimi naweka alama. Ukuta umekuwa kama wa gereza lakini tangu nianze tena sijahitaji kikali hata kimoja. Leo nimeweza: kuoga mwenyewe, kucheka (kwa mto), kukaa kwenye cherehani dakika tano bila kushona, kuinusa tu.

Umeuliza. Walinipa kumi, nimetumia viwili, vimebaki vinane. Viko kwenye kopo hilohilo. Kwa nini unauliza, Mama? Na swali langu umeliruka kama dimbwi. Walikupa nini wewe?

Mwanao, na Ngumi

*

Shuleni
Jumatatu, 18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Barua yako imenikosesha raha. Usimeze tena hivyo vidonge. Sikia ninachokwambia. Hata ukiumwa, vumilia. Maumivu ya kuzaa hayajawahi kumuua mtu. Vitupe. Usimpe mtu, usiviweke kwenye kopo, usiviache mahali mtu anaweza kuviona. Vitupe leo.

Wiki hii siwezi kuja. Wanafunzi wamefika.

Mama yako

*

Nyumbani
Alhamisi, 21 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini huumwi, maana barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama karatasi ya duka.

Nimeisoma nikashindwa kujua nimekosa nini. Umeniambia nivumilie. Nilimsomea Bi Saa sehemu hiyo, nisamehe. Akasema kuvumilia nako kuna hasara yake: mama anayeumwa hatembei, hakohoi, ananyonyesha amejikunja, halali. Hutakiwi kuwa shujaa, anasema, wala hutakiwi kuwa gogo. Unatakiwa kuwa mtu anayeweza kumbeba mtoto wake. Na kikali si sumu, kina siku yake, mradi mtu ajue anakimezea nini na anakoma lini. Na ukikimeza usilale na mtoto kitanda kimoja. Hilo la mwisho alilisema taratibu, akimwangalia baba Ngumi na si mimi, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Kisha akatoa fomu yake, ana fomu ya kila kitu yule. Akaniuliza, "Katika familia yenu, kuna mtu aliyewahi kupata shida ya kuacha dawa za maumivu?"

Nikafungua mdomo niseme hapana. Halafu nikaikumbuka barua yako. Vingapi. Umeviweka wapi. Vitupe leo.

Nikamwambia, "Sijui. Nitamuuliza mama." Akaacha nafasi tupu, akasema hana haraka.

Kwa hiyo nakuuliza. Nakuuliza kwa sababu nataka kujua, sina nia ya kukusuta. Na ngoja niandike na jingine kabla kalamu haijaniogopa. Wiki mbili sasa. Jirani amekuja kunifulia, mke wa bosi wa baba Ngumi amekuja na uji, hata yule mama wa ghorofa ya juu tusiyesalimiana amekuja kumwona mtoto. Mama yangu hajaja. Na mimi najua hadithi yangu, Bibi alinisimulia: nilipokuwa mchanga ulipata kazi mbali, ukaniacha kwake hadi nikakaribia miaka mitatu. Sijawahi kukulaumu. Lakini ukae ujue nimewahi kulala nikijiuliza mashuka ya watu yana nini ambacho mimi sina. Na sasa najiuliza tena, kwa niaba ya Ngumi.

Kama nimekukosea niambie. Kama si mimi, niambie ni nini.

Leo nimeweza: kupanda ngazi zote. Nimeweza na kukuandikia haya.

Mwanao

*

Shuleni
Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Naona umengoja. Dereva ameniuliza mara tatu kama nina barua, nikamwambia bado. Nimeichana mara nne. Hii hata ikiwa mbaya nampa.

Mwambie mkunga ndiyo. Aandike ndiyo, mama mzazi.

Sasa nakueleza na usiniulize chochote mpaka mwisho.

Ulipozaliwa niliumwa sana. Nami nilikuwa msichana, umri wako au chini yake. Wakanipa vidonge vikali, chupa imejaa, wakasema ukiumwa meza. Lini niache, hakuna aliyesema, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kuuliza. Wakati ule hatukuwa na Bi Saa.

Kidonda kilipona wiki ya sita. Mimi sikupona. Tumbo halikuniuma tena, lakini nikikosa kidonge mwili wote ulilia. Jasho, mifupa, tumbo kuendesha, kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Nikawa nameza ili nisiumwe na kule kutomeza. Nikaenda duka la dawa la kwanza nikafunua kovu, nikasema bado linauma. Walipokataa nikaenda la pili. Kovu langu lilikuwa tiketi. Ndiyo maana sikupenda ulione.

Siku moja mchana nilikuwa nakuogesha. Ulikuwa na miezi minne, unapenda maji, unayapiga na miguu. Nikasinzia. Nilisinzia mwanangu, na mkono wangu uko chini ya shingo yako. Bibi yako aliingia kuchukua kanga akakuta maji yamekufika kidevuni na wewe unamtazama kimya. Alikutoa yeye. Mimi niliamka aliponizaba kofi.

Hakunitukana. Jioni alikuvalisha, akakubeba mgongoni, akaniambia, "Nenda ukatibiwe. Mtoto nitakutunzia, na watu nitawaambia umepata kazi." Akawaambia hivyo hadi anakufa, nami nikakuacha wewe uendelee kuamini.

Nilitibiwa miezi minane. Nikatoka, nikaanguka tena, nikarudi. Kule kwenye matibabu ndiko nilikojifunza udobi, walitufundisha kazi ya mikono ili mikono isikae bure. Niliporudi kwenu ulikuwa unaongea kila kitu. Ulinitazama ukaniita shangazi. Nikaitika.

Sasa ni miaka ishirini na moja sijameza hata kimoja. Jino nimeng'olewa nikang'ata kitambaa. Watu wakaniona mkakamavu.

Mashuka yapo kweli lakini si mashuka yaliyonizuia. Uliponiandikia vinane viko kwenye kopo la vifungo, juu ya rafu, nililiona kopo. Nalijua, lina picha ya maua, mfuniko umebonyea. Nililiona usiku na mchana. Sisemi mkono wangu ungekwenda. Nasema sijui, na sikutaka kwenda kujulia nyumbani kwako, karibu na mtoto.

Na lingine. Mtoto wa mwezi mmoja sijui anashikwaje. Niliyekuwa naye nilimshika nikiwa nusu. Utasema bibi gani huyu.

Hukunikosea kitu. Hujawahi.

Mama yako

*

Nyumbani
Ijumaa, 5 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Nimesoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, nakwambia ukweli. Nilikasirika hadi Ngumi akaacha kunyonya akaniangalia. Miaka yote hiyo niliamini ulichagua kazi, kumbe ulikuwa mgonjwa. Kwa nini mkaniachia uongo unaouma kuliko ukweli wenyewe? Ya pili nililia. Ya tatu nikajikuta na maswali, unanijua. Kwamba wale siafu walikaa siku ngapi? Kwamba dawa inajuaje kuomba irudiwe, inakaa wapi mwilini? Kwamba ulipoanguka mara ya pili nani alikuinua? Huna haja ya kujibu yote. Jibu moja moja, kwa mwaka mzima, sina haraka.

Kitu kimoja tu sitauliza, kama ulinipenda. Mtu anayekubali kuitwa shangazi na mtoto wake, akaitika, hilo swali ameshalijibu.

Asubuhi hii nilimfunga Ngumi kifuani nikatembea hadi hospitali. Dakika ishirini, bila mto! Nilikwenda kwenye dirisha la dawa nikawapa vile vinane. Kumbe wanavipokea, wana sanduku lao maalumu la kufungwa, wanaviharibu wenyewe. Kutupa kwenye taka si vizuri, mtu anaweza kuviokota. Mfamasia akavihesabu, akaandika, akanipa karatasi nitie sahihi. Na usifikiri nilivirudisha kwa ajili yako peke yako. Nilivirudisha kwa sababu sivihitaji. Wiki ya pili nzima sikugusa hata kimoja, na sasa hata vya kawaida nimeacha.

Bi Saa nilimkuta kwenye korido. Nikamwambia ile nafasi aijaze. Akaitoa fomu palepale, akaandika, hakukunja uso. Nikamwuliza, "Mama yangu alikuwa mdhaifu?" Akasema, "Mama yako alipewa chupa bila kupewa saa." Anasema inaweza kumpata mtu yeyote, na kwamba kwa sababu ya akina mama kama wewe ndiyo siku hizi wanaanza na vile vya kawaida, na vikali wanahesabu. Halafu akakukasirikia kidogo, sikufichi. Habari ya jino. Anasema mtu wa historia yako akiumwa anapaswa kumwambia daktari wazi, zipo njia za kumtuliza bila hizo dawa. Kung'ata kitambaa si tiba. Anataka kukuona akwambie mwenyewe. Jiandae, ana kidole kirefu.

Basi nyumba haina kitu, Mama. Rafu ina vifungo. Lori linatoka kwenu Jumanne. Sikulazimishi. Ukiona bado, baki, niandikie, nitaendelea kukupenda kwa barua kama tulivyozoea. Lakini kuhusu kumshika mtoto, usiogope. Mwezi mmoja uliopita hata mimi sikujua. Nilifundishwa.

Mwanao

*

Nyumbani, mezani kwenye cherehani
Alhamisi, 11 Aprili, saa tisa alasiri

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, nakusikia unavyokoroma chumba cha pili.

Utashangaa kukuta barua chini ya miwani yako wakati niko hatua kumi kutoka ulipo. Lakini jana ulisema mambo mengine wewe unayaweza kwa kusoma tu, yakisemwa yanakukaba. Basi hili lisome.

Uliposhuka kwenye lori juzi ulibaki umesimama na mkoba wako kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Ukanawa mikono mara mbili. Ukakaa kwenye kochi, mikono magotini, ukamtazama Ngumi siku nzima, na kila nilipokwambia mshike ukasema, "Acha alale." Amelala! Mtoto alikuwa anapiga mateke. Hata baba Ngumi aliona, akaniuliza jikoni, "Mama anaogopa nini?" Nikamwambia niachie mimi.

Leo asubuhi nilikuweka huyo mtoto mapajani, nikasema, "Shikilia hapo shingoni, kiganja wazi, naenda kuoga," nikaondoka kabla hujapata cha kusema. Nilikuona ulivyogeuka rangi.

Mama, sikwenda kuoga. Nilifungua bomba nikaliacha likimwagika, nikarudi nikasimama nyuma ya pazia. Nisamehe, wewe ndiye uliyezaa mtu wa maswali.

 Ngumi akaanza kulia kidogo, ile ya kukujaribu. Nikataka kutoka. Ndipo nikakusikia. Ulimwambia, kwa sauti ndogo, "Mimi ni bibi yako. Niko macho." Akanyamaza. Ukamwambia tena, "Usiogope, niko macho." Ukamwambia hivyo muda wote, labda mara thelathini, mpaka yeye mwenyewe akalala, na bado uliendelea kumwambia.

Maji yalijaa bafuni hadi mlangoni, ndiyo maana ulinikuta napiga deki ukacheka. Sasa umejua.

Ulimweka kitandani mwake mwenyewe, ukamfunika vizuri, ndipo ukaenda kulala wewe. Nimempitia sasa hivi, anapumua kama saa.

Barua hii usiijibu. Ukiamka njoo jikoni, anahitaji kuoga kabla jua halijapoa, na mikono yangu miwili haitoshi.

Mwanao